Akiuliza Mama, Sema Sisimizi

Sehemu ya sita

Aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike kuliazima kwa jirani. Nitamshika mkono nimvushe, kisha twende pamoja.

Husseni wa Kiwangwa, Mkwere na mkulima wa mananasi, alifariki kwa kisukari. Siku ya maziko alifika mtani wao kutoka Msata, mzee Yunus, Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja Pwani na mizigo ya pembe za ndovu na hakurudi tena kwao. Yunus akafanya kazi ya watani. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuburuta mguu kama marehemu, akawaibia wapishi wa msiba sukari akailamba kiganjani mbele ya wafiwa. Kisha akasema kwa sauti ileile ya Husseni, "Mina mwanangu, akiuliza mama, sema sisimizi."

Mina ni binti wa marehemu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tangu baba yake akate roho hakuwa amelia wala kutia kitu kinywani. Aliposikia maneno hayo alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mtu akachukua video. Kicheko kikatoka Kiwangwa bila nauli, kikafika Mwanza, kikafika Maskati. Juu yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika: "Binti acheka jeneza la baba yake likitolewa."

Habari za utani hazikuandikwa. Wanaoujua hawakuona cha kueleza, na wasioujua hawakuuliza.

Tangu hapo Mina haendi shule. Shangazi yake Rukaya, dada wa marehemu, alimnyang'anya simu akaifunga kwenye pindo la kanga. Mama yake, Mwanaharusi, yuko ndani ana eda, hana habari ya lolote. Na wiki iliyopita tulimwacha Mina uani anasugua masufuria, rafiki yake wa tangu chekechea, Wahida, amesimama mbele yake na sare ya shule.

"Nina neno," Wahida alikuwa amesema.

Neno lenyewe ndilo hili.

"Ni mimi, Mina."

"Wewe nini?"

"Ile video. Niliichukua mimi."

Mina hakuacha kusugua. Alikuwa ameshamshuku kila mtu, binamu zake, wapishi, hata kijana aliyekuja kufunga turubai. Wahida hakuwahi kumpitia akilini. Huyo ndiye aliyemshika mkono maiti ilipokuwa ikioshwa.

"Kaka Najim aliniomba," Wahida akaendelea. Najim ni kaka yake Mina, yuko Songea kwenye kazi ya kusimamisha nguzo za umeme, na siku ile hakuwahi gari. "Akaniambia, Wahida, nichukulie walau nimwone baba anavyotoka. Nikachukua yote, nikamtumia. Halafu nikaona pale ulipocheka. Ulikuwa hujafungua mdomo muda wote ule. Mimi nilifurahi, wallahi. Nikakata kipande nikaweka stetasi. Nikaandika, rafiki yangu leo kacheka, alhamdulillahi."

"Ukakata."

"Ilikuwa ndefu, Mina."

"Ukakata nilipoanza kulia."

Wahida aliinamisha kichwa.

Maana kilio kilikuwepo, msomaji wangu, na mimi nisingependa ukisahau. Kicheko kile ndicho kilichofungua mlango, na kilio kikapita nyuma yake kwa nguvu, hata wanawake wanne wakamshika Mina asianguke kwenye mafiga. Mtani haji msibani kuchekesha watu. Anakuja kuwalegeza wafiwa waliokauka ili machozi yapate njia. Lakini stetasi ya Wahida iliishia kwenye meno.

Msichana mwingine angemtia mwenzake kofi la masizi. Mina aliuliza, "Ile nzima unayo?"

"Niliifuta. Niliogopa. Ila kaka Najim anayo."

Wakachutama nyuma ya kuni, wakampigia Najim kwa simu ya Wahida. Huko kulikuwa na upepo na watu wanapigiana kelele za kuvuta kamba.

"Ninayo," Najim alisema. "Sijawahi kuiangalia mpaka mwisho, mdogo wangu. Kila nikiiweka naishia pale jeneza linapoinuliwa. Kwa nini?"

"Itume, kaka. Itume yote."

Akaituma. Wakaiweka mtandaoni, na Wahida akaandika juu yake: "Huyu ni mtani wao. Tazameni mpaka mwisho."

Mambo yakawa mazuri. Watu waliandika, "Pole mdogo wetu." Wengine, "Kumbe utani, tumemkosea mtoto wa watu." Mwanamke mmoja wa Tabora aliandika kwamba na yeye alicheka kwenye msiba wa bibi yake, na mtani ndiye aliyemponya. Mina alisoma hayo kwa sauti, akayarudia. Akachukua kipande cha muhogo wa asubuhi kilichokuwa kimeshapoa, akala mpaka mwisho. Wahida alimtazama anavyotafuna, akaona kwamba sasa Mina anaweza hata kurudi darasani akasikia anachofundishwa.

Furaha ya maskini haikawii kwisha. Kesho yake asubuhi Wahida alirudi, simu kaificha nyuma.

"Lete."

"Mina, usisome."

"Lete, Wahida."

Alisoma amesimama. "Kashikwa, sasa anajiliza." "Kilio cha kamera hicho, machozi yako wapi?" "Jana meno thelathini na mbili nje, leo kamasi. Huyu msanii." "Dada, wakija kukuoa, watani wako watupigie simu tuje kulia." Chini kabisa, mtu ambaye jina lake lilikuwa ua na namba alikuwa ameandika: "Mtazameni macho. Huyu ndiye aliyemuua mzee wa watu."

Mtu ameamka salama, kanywa chai yake na chapati, kaketi kwenye kiti chake, anamwandikia mtoto asiyemjua maneno kama hayo, kisha anafuta midomo anakwenda kazini. Mimi simwelewi mtu huyo, wala siombi kumwelewa.

"Tuiondoe," alisema Wahida.

"Kicheko walikichukua wenyewe," Mina alisema. "Kilio nimewapa mimi, kwa mkono wangu."

"Umenisamehe?"

"Nenda shule, utachelewa."

Wahida akaenda, akigeuka kila baada ya hatua chache. Mina aliingia jikoni akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Maneno mengine yote yalimuuma yakapita. Moja halikupita. Yule mwenye jina la ua hakujua alichosema, alirusha jiwe gizani kama wenzake, lakini jiwe lilikuwa limefika. Mina alikuwa ameshajiambia neno lilelile yeye mwenyewe, kabla hata turubai la msiba halijafungwa.

Alimpelekea mama yake uji. Mwanaharusi alikuwa ameketi mkekani na tasbihi, amejifunga kanga za eda zilizofifia rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo tena hukwenda shule?"

"Tumbo."

"Tumbo lako hilo lina ratiba ya masomo. Jumatatu mpaka Ijumaa linauma, Jumamosi linapoa. Kaa hapa."

Mina akakaa. Mama alikunywa uji kidogo kidogo, bila kuuliza tena. Baadhi ya kina mama wanajua kwamba mtoto ukimwuliza mara ya pili anajifunga, ukimnyamazia anatoka mwenyewe.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua baba."

Kikombe kilisimama hewani.

"Alikuwa anachukua sukari ya jikoni anaificha kwenye kopo la misumari," Mina alisema, na sasa maneno yalikuwa yanakimbizana. "Kila asubuhi kabla hajaenda shambani anachota. Mimi nilikuwa namwona. Ananiambia, akiuliza mama, sema sisimizi. Na wewe ukiuliza mbona sukari haikai, mimi nasema sisimizi. Kila siku nasema sisimizi. Ningesema ukweli ungeificha. Angekuwepo."

Mwanaharusi aliweka kikombe chini.

"Sisimizi gani, mwanangu, wanaokula kisha wakafunga kopo?"

Mina alimtazama.

"Nilikuwa najua. Ukuta wa jikoni ni udongo na fito, kila mlichonong'ona mle nilikisikia. Nilikuwa nauliza makusudi, nikusikie unavyomtetea baba yako. Mtu kanyimwa wali, kanyimwa soda, kanyimwa hata nanasi alilolima kwa mikono yake. Nikasema moyoni, hako kasukari ka kulamba na binti yake nisimwingilie. Daktari mwenyewe alisema figo zilikuwa zimeshachoka zamani. Kama lile ni kosa, basi ni letu sote watatu, na mmoja keshakwenda kuliombea msamaha."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa mzee Yunus yale maneno ya sisimizi aliyapata wapi? Hayo yalikuwa ya kwangu na baba."

"Aliyapata kwangu. Ulikuwa umekauka, Mina. Huli, hulii, unatazama ukuta. Nilimwita Yunus dirishani nikamwambia, mtani, mmoja ameshakwenda, usiache na wa pili aende. Nikampa na neno la kukufungulia. Akakufungua."

Mina aliweka kichwa kwenye paja la mama yake. Alilala palepale, mchana kweupe, na Mwanaharusi hakuusogeza mguu mpaka ukafa ganzi.

Lakini mtoto alitoa moja akabakiza moja. Sukari aliisema. Video hakuisema. Alimwonea mama huruma, akaona mwenye eda ana mzigo wa kumtosha, na shangazi Rukaya alikuwa ameshatoa amri ya namna hiyohiyo kwa nyumba nzima. Kila mtu alimpenda mwenziwe, na kila mtu alinyamaza. Mapenzi ya aina hiyo yamewamaliza wengi.

Kwa hiyo mama alijua jeraha moja tu, akalitafutia dawa anayoijua.

Alimtuma mtu kwa Yunus. "Mwambie mtani aje kwenye arobaini mapema. Mtoto bado anajiona kaua kwa ile sukari. Alimfungua mara ya kwanza, aje amalizie."

Yunus naye hakuwa na simu ya mitandao. Simu yake ilikuwa ya tochi, ya kupigia na kupokelea. Alipoletewa ujumbe alishika kifua akasema amesikia.

Wasiokuwa na watani wataniuliza, mtu anayejiona muuaji unamtibu vipi kwa mzaha? Jibu ni kwamba jambo linalomtisha mtu mtani hulibeba hadharani, akalivisha kofia na kulichezesha mbele ya watu wote, mpaka mwenyewe alione dogo. Ndivyo walivyofanya babu zetu na babu zao, na nimewaona kwa macho yangu watu waliopona. Ila dawa hiyo inahitaji ukumbi wa watu wanaoijua. Watani wa zamani hawakuwa na mtu wa Maskati anayechungulia.

Kuamkia arobaini uwanja wa Husseni ulijaa wanawake wanaochagua mchele. Nyungo zilikuwa zinapigwa, watoto wanafukuza kuku. Mina alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, amevaa kanga mpya aliyopewa na mama yake, na uso wake siku hiyo ulikuwa na nuru kidogo. Hata shangazi Rukaya aliiona, akamwambia, "Leo umeamka, mama." Mina akamjibu, "Nimeamka, shangazi."

Pikipiki ilisimama nje. Yunus akashuka na kofia ya Husseni kichwani, anaburuta mguu.

"Hodi wafiwa," aliita. "Wakwere nyie, kufa hamjui, kulia hamjui, hata mchele mnachagua mnaacha mawe. Nimekuja kuwafundisha."

"Karibu, mbeba mizigo," alijibu bibi mmoja, na wanawake wakaangua kicheko.

"Leo sikuja na mizigo. Leo nimekuja kukamata."

Akatoa kopo mfukoni, kopo la misumari, akaligonga kwa kijiko. Uwanja ukanyamaza kumsikiliza. Nyuma ya dirisha la chumba cha eda, Mwanaharusi alisogea karibu apate kusikia.

"Husseni hakufa, Husseni kauawa," Yunus alitangaza. "Na muuaji yumo humu uwanjani. Kamlisha baba yake sukari kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, kisha akaenda kusingizia sisimizi. Sisimizi nimewahoji, wana mashahidi, siku hiyo walikuwa Msata kwenye harusi. Mina binti Husseni, muuaji wa baba yako, simama ujibu."

Wanawake walicheka. Walicheka kwa nia njema, walicheka vile wanavyotakiwa kucheka, wengine wakipigana mabega. Ungo mmoja tu ulisimama. Rukaya alikuwa ameukamata kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa akiyasoma yote kwenye simu ile ya pindoni, na katika uwanja ule ni yeye na Mina tu waliojua neno muuaji lilikuwa limetumika kwa kazi gani huko nje.

Mina alitazama dirisha la mama yake. Siri ile alikuwa ameitoa mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja, kisha akalala kwenye paja lake.

Kisha akaona simu. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mananasi ya jumla alikuwa amesimama kando ya mlango wa uani, kainua simu usawa wa uso, anatabasamu.

"Ni kweli," alisema Mina. "Ni mimi."

Kicheko kikazidi. Walidhani anajibu utani, maana aliyetaniwa naye hutakiwa kujibu, na jibu lile lilikuwa kavu na tamu. Yunus alijitupa chini akapiga mchanga kwa viganja. "Amekiri. Jamani amekiri, leteni kamba."

Mina aliulaza mwiko juu ya kifuniko cha sufuria, taratibu, ili usigonge. Akapita nyuma ya jiko.

Yunus alipoinua kichwa kutafuta kicheko alichokuja kukifuata, mlango wa jikoni ulikuwa hauna mtu.

Ndani, Mwanaharusi alisikia vicheko vya wote. Alimsikia bibi anayekohoa akicheka, akamsikia jirani, akamsikia mke wa muadhini. Cha mwanawe hakukisikia. Akangoja kidogo.

"Mina?"

Akaita wifi yake. Rukaya aliingia, unga wa mchele umemjaa mikononi, akasimama mbele yake asijue pa kutazama.

"Mtoto yuko wapi?"

"Katoka, wifi."

"Katoka vipi? Yunus kamkosea nini? Neno ni lilelile la sisimizi alilompa siku ile."

Rukaya akafungua pindo la kanga. Ndani yake mlikuwa na simu ya Mina. Alieleza kwa kukatakata, video, kicheko, jeneza, watu wasiojulikana. Alisema alidhani yatapoa. Alisema na yeye siku za mwanzo alimgombeza mtoto, alimwambia angeziba mdomo kwa kanga asingewaaibisha.

"Nisomee," alisema Mwanaharusi.

"Wifi, ya nini?"

"Nisomee walichomwambia mwanangu."

Rukaya akasoma moja. "Lingine," alisema mama. Akasoma. "Lingine." Na alipofika kwa yule mwenye jina la ua, Rukaya akamaliza kwa kunong'ona. "Huyu ndiye aliyemuua mzee wa watu."

Mwanaharusi akasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una eda. Mwenye eda haongezewi msiba."

"Umeniongezea, Rukaya."

Nyuma ya pazia la mlango mzee Yunus alikuwa amevua kofia. "Mwanaharusi," alisema, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mtu mzima aliyechoka. "Sikujua. Naapa sikujua. Sisi dawa yetu ndiyo hiyo."

"Najua, mtani. Mimi ndiye niliyekutuma. Kapita wapi?"

"Wanasema njia ya mananasi, kuelekea barabarani."

"Panda pikipiki yako, zungukia upande wa Msata. Ukimwona usimtanie. Mwambie mama anakuja."

Yunus akaenda, safari hii bila kuburuta mguu. Mwanaharusi alivuta kanga ya kichwani akashika mlango. Rukaya alikuwa ameutanua mwili wake pale mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Wifi, eda."

"Eda ni ya mume wangu. Huyu ni mwanangu."

Masheikh wanajua dharura inaruhusu nini na inakataza nini. Rukaya hakuwa sheikh. Alichojua ni kwamba bibi yake alikaa, mama yake alikaa, na hakuna mjane wa ukoo ule aliyewahi kukanyaga nje na jua la mchana kabla ya siku zake. Alimtazama wifi yake usoni. Kisha akashusha mikono, na machozi yakamtoka.

Uwanja mzima ulisimama. Mchele ulimwagika mapajani mwa watu, na hakuna aliyeuinamia. Walimwona mjane wa Husseni anatoka na kanga zake za eda, miguu mitupu, uso wazi, anakatiza katikati yao bila salamu. Bibi mmoja alisema "Astaghfirullah" na kuziba mdomo. Mwingine aligeuka pembeni asione.

Yule mnunuzi wa mananasi alikuwa bado palepale mlangoni mwa uani. Simu yake ilikuwa juu. Ilianza na kesi ya Mnyamwezi, ikamchukua Mina akikiri, na sasa ilikuwa inamchukua mama.

Mwanaharusi alisimama mbele yake. Safari hii alikiona kwa karibu kitu kilichomwondolea binti yake usingizi, kioo cheusi cha kiganjani, na ndani yake akajiona yeye mwenyewe, mdogo.

"Unachukua?" aliuliza.

Mwanamke hakuishusha simu.

"Chukua, mwanangu," alisema Mwanaharusi. "Ila usikate. Ukishaanza na mimi hapa, nifuate mpaka nirudi naye."

Akateremka njia ya mananasi, miba inamchana miguu, akiita jina la mwanawe kwa sauti ambayo watu wa mtaa ule hawakuwahi kuisikia. Aliita tena alipofika kwenye mkorosho wa mpaka. Kutoka huko chini hakuitikiwa.